Ndege Sita za Kijani

Jumatatu, 3 Machi. Mvua tangu alfajiri. Unyevu 74.

Baba, naanza leo, na naapa kwamba nitaandika kila kitu: kilichofanikiwa, kilichoharibika, na aliyekiharibu, hata kama ni mimi. Ulisema simu husahau lakini daftari halisahau. Kila Jumamosi nitachana kurasa za wiki nizitume kwa posta, na Shangazi atakusomea huko kwake unakotibiwa macho. Shangazi, shikamoo. Naomba usiruke hata mstari mmoja. Nakujua: ukifika kwenye habari mbaya unakohoa kidogo, kisha unahamia ukurasa wa pili.

Nimeanza na mvua na kipimo cha unyevu kama unavyoanza wewe kwenye daftari la kazi. Kwa Shangazi, ambaye huingia karakana yetu kuita watu chakula tu, naeleza. Tunachapa stika za maji za ndege ndogo za plastiki, zile ndege za kivita za Kijapani za wakati wa Vita vya Pili: maduara mekundu ya mabawa, ambayo ni jua la Japani, namba za mikia, na maneno madogo ya mafundi. Stika ikiloweshwa nusu dakika huteleza kutoka kwenye karatasi yake, unaibeba kwa kibano, unailaza juu ya bawa. Fundi Ndege, aliyetengeneza ndege za kweli mpaka akastaafu, sasa anaunda hizi zinazokaa kiganjani. Anazo kumi na mbili za maonyesho ya ukumbi wa maktaba, tarehe 11 Aprili, siku tunayofunga shule. Stika za sita za kijivu ulizimaliza mwenyewe. Za sita za kijani umeniachia mimi. Ulisema, kwa jina la utani ulilonipa, "Kibano, mikono unayo, macho unayo. Kilichobaki ni subira, na hiyo haiuzwi dukani."

Jambo moja zaidi. Saa kumi jioni Bwana Kopi wa duka la jirani alikuja na futi, akapima mlango wa karakana, urefu na upana.

Nikamwuliza, "Bwana Kopi, mlango wetu umekukosea nini?"

"Napima tu, binti. Kupima si kununua."

Mama akamkaribisha chai, akacheka naye. Sikupenda. Wewe hata siku mbili hujamaliza tangu uondoke.

Jumanne, 4 Machi. Mvua. Unyevu 78.

Mtihani wa hesabu. Nimekosa swali moja la sehemu, na nilikuwa nalijua.

Alhamisi, 6 Machi. Mawingu. Unyevu 75.

Shangazi amepiga simu: umepasuliwa salama. Wiki tano usisome, usichore, usiiname. Tarehe 14 Aprili daktari atakupa miwani, na hapo ndipo itajulikana kama utaona herufi ndogo tena au zile kubwa za ukutani tu. Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona, mikono juu ya kitambaa. Mwishowe akasema, "Haya," akaanza kukanyaga.

Jumamosi, 8 Machi. Jua saa mbili tu, kisha mvua. Unyevu 72.

Nimechapa! Nilifuata ukurasa wako wa wino. Nilikoroga nyekundu mpaka ikadondoka kama asali, nikaweka karatasi kwenye pini za kona, nikashusha fremu yenye wavu, nikavuta raba ya kusukumia wino. Ulinifundisha kwamba raba ikilia wino ni mzito, na ikinong'ona niendelee. Ilinong'ona, Baba. Maduara thelathini na sita, mekundu, mviringo kamili, pembeni makali kama yaliyokatwa kwa wembe. Niliyatazama kwa lenzi moja baada ya jingine. Sikuona kosa. Nawatumieni kurasa hizi nikiwa na furaha, na kesho naenda kwa Fundi Ndege.

Jumapili, 9 Machi. Mvua. Sikupima unyevu.

Shangazi, hapa usikohoe.

Fundi Ndege alinipokea na kanga ya mkewe kiunoni, vidole vimejaa rangi ya kijani. "Karibu, mama mchapaji! Leo tutawasha jua." Alikuwa amezipanga ndege sita juu ya gazeti, kijani juu, kijivu tumboni. Tukalowesha duara la kwanza. Likateleza vizuri. Tukalilaza kwenye bawa la kushoto, tukakausha kwa pamba.

Lilibadilika mbele ya macho yetu. Kwenye karatasi lilikuwa jekundu. Kwenye bawa la kijani likawa kahawia iliyokufa. Fundi Ndege akawasha taa, akainamisha kichwa kulia, akainamisha kushoto.

"Kibano," akasema, "hili si jua. Hili ni ini."

Mimi sikucheka. Akajaribu kunibembeleza: "Ini zuri, lakini. Ini la ng'ombe mwenye afya." Nikatoka nje nikasimama chini ya upenu wa bati nikisikiliza mvua. Karatasi nzima imepotea, na wino, na Jumamosi. Lililoniuma zaidi ni kwamba jana nilikuandikia sikuona kosa.

Jumatatu, 10 Machi. Mvua. Unyevu 80.

Nimejua sababu, nami naiandika kama nilivyoapa. Wino mwekundu ni mwembamba, rangi ya chini hupenya. Juu ya kijivu hapana neno. Juu ya kijani ni lazima litangulie duara jeupe, kubwa kuliko jekundu kwa milimita moja na nusu kila upande, ili jekundu lishike na pete nyeupe ibaki kulizunguka. Umeliandika hilo kwenye ukurasa wako. Sikulisoma kwa sababu mstari huo umeuandika juu ya mstari mwingine. Nilidhani ni mchirizi wa kufuta. Leo nimeweka lenzi, nikaona maneno yamepandana kama walevi wanaotoka kilabuni wakishikana mabega.

Tarehe ya ukurasa huo ni ya Agosti iliyopita. Baba, kumbe tangu Agosti?

Jumatano, 12 Machi. Mvua.

Nimekata stensili ya duara jeupe. Mara tatu. Ya tatu ni sawa.

Jumamosi, 15 Machi. Mvua. Unyevu 83.

Nyeupe imetoka safi. Karatasi nimeziacha zikauke mpaka kesho.

Jumapili, 16 Machi. Mvua. Unyevu 83.

Limepinda. Nimechapa nyekundu juu ya nyeupe: duara lililo karibu na pini limekaa katikati ya pete yake. La pili limesogea kidogo. La mwisho wa karatasi lina pete nene upande mmoja, na upande wa pili uzi tu. Pini sikuzigusa.

Jumatatu, 17 Machi. Mvua.

Baada ya shule nilichapa nyeupe upya.

Jumanne, 18 Machi. Mvua. Unyevu 85.

Limepinda.

Jumatano, 19 Machi. Mvua.

Nimekaza pini kwa bisibisi. Nyeupe tena. Mama alipita mlangoni, akaangalia, akaenda zake. Hakuuliza hata "vipi". Kama ingekuwa gauni la mteja angeuliza.

Alhamisi, 20 Machi. Mvua. Unyevu 85.

Limepinda kama lile la juzi. Na hilo ndilo jambo dogo la leo.

Bwana Kopi alikuja tena na futi yake, akaanza kupima ukuta wa pembeni ya mlango. Nilikuwa na wino mikononi na hasira kooni, na heshima yote uliyonifunza ikanitoka.

"Bwana Kopi," nikasema, "baba yangu ni mgonjwa, hajafa. Nenda kapime kwako."

Akakunja futi taratibu. Nilidhani atanifokea. Akaketi kwenye ndoo ya wino iliyofunikwa, akavua kofia.

"Binti yangu, umenifanya fisi. Mimi sikuja kwa tamaa yangu. Baba yako mwenyewe ndiye aliyenipigia simu, mwezi wa pili. Akasema, muhula ukiisha, kama herufi ndogo hazionekani, uichukue meza ya kuchapia na fremu zote, maana hataki kuiona ikilala na vumbi. Akasema nisimwambie mtoto."

"Na Mama?"

"Mama yako anajua tangu siku ile ile."

Nikamwomba radhi. Akasema haina neno. Alipofika mlangoni akageuka: "Mimi wa fotokopi, binti. Kwangu mashine inafanya kazi, mimi nabonyeza. Kazi ya baba yako naiheshimu. Kama angenipigia leo akasema hauzi, ningelala vizuri zaidi."

Baba, sijui niliandikeje hili wakati ndiwe utakayesomewa. Uliniambia nina mikono na macho, na kumbe ulikuwa umeshaiuza karakana kabla hujanipa ufunguo. Ndege hizi sita zilikuwa za nini? Za kunishughulisha ili nisilie? Nimekasirika. Nimeandika, sitafuta.

Ijumaa, 21 Machi. Mvua.

Leo sikuingia karakana.

Jumamosi, 22 Machi. Mvua, kisha ikapungua. Unyevu 84.

Leo nina mengi, na karibu yote ni ya Mama.

Nilimkuta chumba cha pasi, anapiga pasi sketi kumi na mbili za kwaya. Nikamwuliza bila kuzunguka, "Mama, ulijua kwamba meza inauzwa?"

Hakusimamisha pasi. "Nilijua. Baba yako aliniomba nimtunzie siri, nikamtunzia. Mwaka mzima nimemtungia uzi kwenye sindano za kushonea nyavu za fremu zake na kujifanya sioni kwamba haoni. Hiyo nayo ni kazi."

"Ndiyo maana unamkaribisha Bwana Kopi chai?"

Hapo akaiweka pasi wima, akacheka mpaka akashika kiuno. "We mtoto! Namkaribisha chai ili asipime vizuri. Kila akija namwambia: Shemeji, mlango ni mdogo, meza haipiti, itabidi ubomoe ukuta, na ukuta ukibomolewa masika utaanguka wote. Ameamini. Wiki tatu sasa anapima ukuta."

"Kwani haipiti?"

"Miguu inafunguka, mwanangu. Skrubu nne. Hajauliza."

Nilikaa juu ya rundo la sketi nikacheka, halafu nikalia kidogo, halafu nikamweleza habari ya duara lililopinda. Sikutegemea msaada. Nilikuwa nasema tu. Akaniambia nimletee karatasi. Akaishika kwenye mwanga kama anavyoshika kitambaa, akavuta pembe mbili, akaitazama kuanzia pini mpaka mwisho.

"Karibu na pini ni sawa, na kadiri unavyokwenda mbali linazidi kukosea?"

"Ndiyo."

"Basi mkono wako hauna kosa. Karatasi imekua. Imekunywa maji ya hewa usiku kucha, na asubuhi umeipima kama ile ya jana. Mimi kitambaa kibichi sikikati. Nakifua, nakikausha, nakipiga pasi, nakiacha kitulie. Kikishachoka kutembea, ndipo nakipima."

Baba, mimi nimekaa na mwanamke huyu miaka kumi na minne nikidhani haoni tunachofanya upande wa pili wa ukuta.

Chumba cha pasi unyevu ni 58. Nimepima mara mbili.

Jumapili, 23 Machi. Mvua. Karakana 85, chumba cha pasi 57.

Tumefungua skrubu nne. Fundi Ndege alishika upande mmoja wa meza, mimi na Mama upande wa pili, na meza ikapita mlangoni kama mgeni aliyekaribishwa. Fundi Ndege alihema: "Nimehamisha injini za ndege, hazikunitesa hivi." Mama akamjibu, "Injini hazikuwa zinabebwa na tumbo hilo." Karatasi nimezitundika kwenye kamba ya nguo, katikati ya sketi za kwaya, mpaka Jumanne.

Jumanne, 25 Machi. Mvua kubwa. Chumba cha pasi 57.

Baada ya shule: nyeupe. Mama akapiga pasi pembeni yangu bila kupumzika ili chumba kisipoe. Baada ya saa mbili na nusu: nyekundu, juu ya nyeupe, kabla karatasi hazijatoka chumbani. Nilivuta raba nikiwa nimefumba macho, nikisikiliza. Ilinong'ona.

Limekaa. La karibu na pini limekaa, la katikati limekaa, la mwisho limekaa. Pete sawa pande zote. Mama alipita na pasi mkononi, akatupa jicho, akasema, "Hilo ndilo jua." Akarudi kwenye sketi zake.

Alhamisi, 27 Machi. Mvua.

Bwana Kopi alikuja, akakuta karakana tupu na meza chumba cha pasi. Akaangalia meza. Akaangalia mlango. Akamwangalia Mama.

"Shemeji."

"Abee, Shemeji. Chai?"

Akanywa chai. Futi hakuitoa mfukoni.

Jumapili, 30 Machi. Manyunyu. Chumba cha pasi 55.

Namba za mikia zimekamilika, na leo nimechapa maneno madogo: zile herufi tatu za Kijapani zinazokaa kwenye vibawa vya nyuma kumwambia fundi asikanyage hapo. Kimo chake kwetu ni nusu milimita. Ulisema hakuna atakayezisoma, lakini zisipokuwepo atakayejua atajua. Nimeharibu karatasi moja kwa kukohoa.

Jumamosi, 5 Aprili. Jua! Unyevu 66.

Siku nzima kwa Fundi Ndege tukilaza stika. Tumezitia ndege vanishi inayong'aa kwanza, kwa sababu stika juu ya rangi isiyong'aa huficha hewa chini yake na kuonekana kama ina ukungu. Tumemaliza nne. Hakuna ini hata moja.

Kuna jambo. Nilipokuwa naazima kibano chake nilizitazama zile sita za kijivu, zako. Kwenye ya sita maneno ya kibawa cha kulia yako juu chini. Nilimwonyesha Fundi Ndege. Akasema, "Nililiona siku ile ile. Baba yako aliniuliza, 'Imekaa sawa?' Nikamwambia imekaa. Nilimwongopea rafiki yangu, Kibano, na sikulala."

Nilifikiri sana kama nikuandikie. Mama alikutunzia siri, Fundi Ndege alikutunzia aibu, Bwana Kopi alikutunzia ahadi, nawe ulinitunzia mimi machozi. Wote mmefanya kwa upendo, na matokeo yake kila mtu alikuwa peke yake. Mimi niliapa. Yalikuwa juu chini, Baba. Nimeyabandua kwa mvuke na kuweka mapya, na sasa yako sawa.

Jumanne, 8 Aprili. Jua. Unyevu 61.

Ya tano na ya sita zimekwisha. Shangazi alipiga simu: siku uliposikia kurasa zenye hasira yangu ulimwambia azisome tena, na hakukohoa. Asante, Shangazi. Alisema zilipofika za wiki iliyofuata uliomba uelezwe vizuri jinsi chumba cha pasi kilivyokauka, na ulitaka kujua kwa nini saa mbili na nusu na si mbili. Kwa sababu nilikuwa na kazi ya jiografia, Baba. Ila nadhani mbili zingetosha.

Ijumaa, 11 Aprili. Jua. Ukumbini sikupima.

Ndege kumi na mbili chini ya kioo, sita za kijivu na sita za kijani, kila moja na kadi yake. Watu walikuja wengi. Nilisimama pembeni na sare yangu, viatu nimevipiga rangi, nikisikiliza. Mzee mmoja mwenye lenzi yake mwenyewe mfukoni aliinama juu ya ndege ya nne ya kijani mpaka pumzi yake ikaweka mvuke kwenye kioo. Akamwuliza Fundi Ndege, "Pete hizi umepaka kwa mkono?"

"Zimechapwa."

"Masika haya? Nani amechapa masika haya, na karatasi zinavimba?"

Fundi Ndege akaninyooshea kidole kwa mkono uliokuwa na kipande cha keki. Yule mzee akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani. Hakusema "hongera". Alisema, "Ulikaushia wapi?" Baba, nilihisi nimekuwa mtu mzima.

Bwana Kopi alikuwepo pia, na kofia yake mkononi. Nilimwambia nina ombi: asubiri barua moja kabla ya kuichukua meza. Akauliza barua ya nani. Nikasema yako. Akasema, "Nimesubiri ukuta wiki tatu. Barua moja ni kitu gani?"

Jumamosi, 12 Aprili. Jua. Chumba cha pasi 52.

Hizi ndizo kurasa za mwisho, na naziwahisha posta ya asubuhi ili zikufikie Jumatatu utakapotoka kwa daktari na miwani mipya.

Kwanza, meza. Nimewaza na naandika nikiwa nimetulia. Wewe ulimwambia Bwana Kopi kwamba bila herufi ndogo hakuna kazi. Lakini siku duara lilipokaa nilikuwa nimefumba macho. Uzito wa wino unasikika, karatasi iliyotulia inajulikana kwa vidole, na rangi nyeupe itangulie au isitangulie ni jambo la kichwani. Herufi ndogo ni sehemu moja tu, na hiyo naiweza. Kwa hiyo sikuombi usiuze ukiona vizuri. Nakuomba usiuze hata usipoona, na hasira yangu ya tarehe 20 nimeiacha pale pale kwenye tarehe yake.

Pili, ndani ya bahasha kuna karatasi moja ya stika, iliyobaki. Shangazi, mpe mkononi, kisha nenda jikoni. Juu kuna majua sita. Chini yake namba za mkia. Kwenye kona ya kulia, mahali unapoweka alama yako ya mchapaji, nimechapa mstari mmoja wa Kiswahili kwa kimo kile kile cha nusu milimita. Fundi Ndege aliusoma kwa lenzi, akaanza kutafuta leso. Mama aliusoma akasema, "Baba yako atajifanya amekasirika." Sitaurudia hapa, maana Shangazi anasoma kwa sauti.

Tumia lenzi ukitaka, hakuna aliyekukataza. Chukua muda. Ukiona, niandikie kwa mkono wako, hata mistari ikipandana. Usipoona, andika tu kwamba hujaona, usimtume mtu akusomee, nami nitakujibu kwa posta ya siku hiyo hiyo. Bwana Kopi anasubiri, Mama anasubiri na pasi yake, nami kuanzia Jumanne nitakuwa nikimvizia mtu wa barua langoni.

Baba, mstari wa chini kabisa, kona ya kulia: unasema nini?